Bwana Leakey, Mtafuta Mifupa ya Kale

Karibu na mji wa Nairobi, katika nchi ya Kenya, kuna mahali paitwapo Kabete. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na misioni ya Kanisa la Kiingereza mahali hapo. Nyumba ya wamisionari ilikuwa duni: kuta za udongo, paa la nyasi, na mvua ikinyesha maji yalipita ndani. Katika nyumba hiyo, tarehe 7 Agosti 1903, alizaliwa Louis Leakey. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, lakini aliishi.

Baba yake, Mchungaji Harry Leakey, alikuwa ametoka Uingereza pamoja na mkewe kuwahubiri Wakikuyu. Alishughulika miaka mingi na kazi ya kuiandika Biblia kwa Kikikuyu. Basi mtoto Louis alikua akisikia Neno la Mungu kwa lugha mbili, na ile ya Kikikuyu ilimkaa kinywani kama lugha ya mama. Hata alipokuwa mtu mzima alisema kwamba anaota ndoto kwa Kikikuyu.

Rafiki zake walikuwa watoto wa Wakikuyu. Alijifunza nao kutega mitego, kufuata nyayo za wanyama, kurusha mkuki. Wakati wa kuingizwa utu uzima ulipofika aliingizwa pamoja na vijana wa rika lake, akapewa jina la Wakaruigi, maana yake mwana wa kipanga. Alijijengea kibanda chake mwenyewe karibu na nyumba ya wazazi, kama walivyofanya vijana wenzake. Watu wa Kabete walimhesabu kuwa mtu wao.

Alipokuwa na miaka 13 hivi, alipewa kitabu siku ya Noeli. Kitabu kile kiliwaeleza watoto habari za watu wa zamani sana wa Ulaya, ambao hawakujua chuma, na visu vyao na ncha za mishale yao vilikuwa vya mawe. Louis alikisoma, akatoka nje kutafuta mawe ya namna hiyo. Hakujua kwamba mawe ya Ulaya ni ya aina nyingine. Alichookota yeye kilikuwa vipande vyeusi vinavyong'aa kama kioo, vyenye makali. Wakikuyu walivijua, waliviita nyembe za mizimu. Vilionekana zaidi baada ya mvua kubwa, maana maji huchukua udongo wa juu na kuacha yaliyofichwa chini.

Wakubwa nyumbani walicheka kidogo. Louis akakusanya mawe yake katika sanduku, akayapeleka Nairobi kwa Bwana Arthur Loveridge, mtunzaji wa jumba la makumbusho. Bwana yule hakucheka. Aliyageuza moja moja, akamwambia mvulana kwamba baadhi yake ni vyombo kweli, vilivyochongwa na mikono ya watu. Toka siku hiyo Louis alitaka kujua jambo moja: ni watu gani waliokaa katika nchi hii kabla ya Wakikuyu, na kabla ya hao, na kabla ya hao tena?

Lakini hakuwa amekusudia kuifanya kazi hiyo maisha yake yote. Alikusudia kuwa mmisionari kama baba yake. Kwa nia hiyo alikwenda Uingereza mwaka 1919, na mwaka 1922 akaingia chuo kikuu cha Cambridge. Huko alileta kichekesho kimoja. Wanafunzi walitakiwa kufanya mtihani wa lugha za kisasa, naye akachagua Kikikuyu. Walipotaka cheti cha kuthibitisha kwamba anaijua, alionyesha barua ya mzee Koinange, mtawala wa Wakikuyu, iliyotiwa alama ya kidole gumba. Wakubwa wa chuo wakakubali.

Mwaka 1923, katika mchezo wa mpira, alipigwa teke kichwani. Maumivu hayakuisha, hata kusoma kukamshinda. Waganga wakamwamuru apumzike mwaka mzima. Badala ya kulala kitandani akaajiriwa katika safari ya kwenda Tendaguru, karibu na Lindi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kuchimba mifupa ya wale mijusi wakubwa mno waliokufa zamani, kabla ya kuwako mtu yeyote duniani. Huko alijifunza kazi: jinsi ya kuuondoa udongo polepole, jinsi ya kuufunga mfupa usivunjike, na jinsi ya kuandika kila kitu kilipookotwa. Wakati mwingine teke la mpira laweza kugeuza njia ya mtu.

Aliporudi Cambridge hakuwa tena na nia ya kuwa mmisionari. Mwaka 1926 alimaliza masomo yake, akarudi Kenya kuchimba.

Hapa lazima tueleze jambo lililowasumbua watu wengi. Mwaka 1859 Bwana Charles Darwin, Mwingereza, alitoa kitabu akifundisha kwamba viumbe hawakukaa daima katika umbo moja, bali wamebadilika polepole katika muda mrefu mno. Hayo huitwa mageuko ya viumbe. Mkulima wa Masisi ataelewa upesi. Yeye huchagua maharagwe yaliyozaa vizuri na kuyaweka mbegu, na baada ya miaka mingi maharagwe yake si sawa na yale ya babu yake. Darwin alisema kwamba porini hakuna mkulima, lakini baridi, njaa na maradhi huchagua pia: mnyama aliyezaliwa na umbo linalofaa mahali pake ataishi na kuzaa, na asiyefaa atakufa bila watoto. Mwaka 1871 aliandika habari za mtu pia. Alidhani kwamba wazee wa kwanza kabisa wa mwanadamu walikaa Afrika, kwa kuwa gorila na sokwe, viumbe wanaotukaribia kuliko wengine wote kwa umbo, wamo Afrika.

Wengi walielewa vibaya. Walisema kwamba mtu amezaliwa na sokwe, na watoto shuleni wakataniana kwa habari ya babu zao. Elimu hiyo haisemi hivyo. Sokwe wa msitu wa Walikale si babu wa mtu yeyote. Yasemwa kwamba miili ya sokwe na ya watu ina asili moja ya zamani mno, kama njia mbili zinazotoka katika njia panda moja, na kila moja imekwenda upande wake.

Lakini hata kwa maneno hayo Wakristo wengi waliogopa. Je, Kitabu cha Mwanzo hakisemi kwamba Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya nchi? Na upande wa pili walikuwako wataalamu waliofurahi na kusema kwamba sasa Mungu hahitajiwi tena. Kijana aliyelelewa misioni, mwana wa mfasiri wa Biblia, alisimama katikati. Akisema ndiyo kwa mifupa, Waprotestanti wenzake watamwona amepotea. Akisema hapana, atakuwa amekana kile alichokishika mkononi mwake.

Bwana Leakey hakukana hiki wala kile. Hakuhesabiwa tena miongoni mwa watu wa kanisa, lakini alishika kwamba yuko Mungu Muumba. Alisema kwamba hakuna alichochimba kilichopingana na Biblia. Wanaopingana ni watu wanaoisoma kwa akili zao fupi. Kwake yeye mageuko yalikuwa namna ya Mungu ya kufanya kazi. Na kweli, wazo hilo si geni katika Kanisa. Mtakatifu Agustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alifundisha katika karne ya 5 kwamba siku sita za uumbaji si lazima ziwe siku kama zetu, na kwamba Mungu aliweka ndani ya ulimwengu nguvu kama mbegu, zichipue kwa wakati wake. Aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi juu ya mambo ya dunia na kudai kwamba ndivyo Biblia isemavyo, maana wasioamini watacheka, na hawatasikia tena habari za wokovu.

Turudi kwenye kazi yake. Mwaka 1931 Bwana Leakey alikwenda Olduvai mara ya kwanza. Olduvai ni korongo refu katika nchi ya Wamasai, kaskazini ya Tanzania. Jina lake latokana na mmea wa katani ya mwitu. Alikwenda pamoja na Bwana Hans Reck, Mdachi, aliyekuwa amefika huko mwaka 1913 na kuona mifupa mingi ya wanyama, lakini hakuona vyombo vya mawe. Leakey aliweka naye sharti la pauni 10 kwamba ataona chombo cha mawe kabla ya saa 24 kwisha. Alikiona asubuhi ya kwanza. Reck alikuwa ametafuta mawe ya namna ya Ulaya. Mvulana wa Kabete aliijua nchi yake.

Huo ulikuwa ushindi. Sasa tueleze kushindwa kwake, maana yeye alikuwa mtu wa haraka, mwenye kupenda kutangaza. Mwaka 1932, huko Kanam na Kanjera karibu na ziwa Viktoria, yeye na watu wake waliokota kipande cha taya na vipande vya mafuvu. Alitangaza kwamba ni mifupa ya watu wa kale kuliko wote. Mtaalamu mmoja wa mawe, Bwana Boswell, akaja kutoka Uingereza kuona mwenyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe! Vigingi vya chuma alivyokuwa ameweka vilikuwa vimeng'olewa na watu wa pale waliohitaji chuma, na picha aliyoitoa ilikuwa ya mahali pengine. Mwaka 1935 Boswell aliandika habari hizo zikasomwa na wote, na jina la Leakey likaanguka.

Miaka ile alianguka kwa njia nyingine pia. Alimwacha mkewe Frida na watoto wawili wadogo, akamwoa Mary Nicol mwaka 1936. Wazazi wake walisikitika sana, na Cambridge ikamfungia milango. Bibi Mary huyo alikuwa fundi wa kuchora vyombo vya mawe, mwenye subira kuliko mumewe, na mengi ya yale yaliyompa Leakey sifa yaliokotwa na macho ya Bibi Mary. Tena wasisahauliwe Waafrika waliochimba pamoja nao, kama Heslon Mukiri, Mkikuyu, aliyefanya kazi na Leakey miaka mingi.

Mwezi wa Januari 1947 Leakey aliwakusanya Nairobi wataalamu wa mambo ya kale ya Afrika, mkutano wa kwanza wa namna hiyo. Na nani aliyekuwa mkubwa wa mkutano? Padri wa Kikatoliki, Abbé Henri Breuil, Mfaransa, aliyepewa upadri mwaka 1900 na kutumia maisha yake kuingia mapangoni, na taa mkononi, kunakili picha zilizochorwa na watu wa kale. Padri aliketi katikati ya wale wataalamu, waumini kwa wasioamini, nao wakazungumza juu ya mawe na mifupa.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Agosti 1950, Papa Pius XII aliandika barua kwa maaskofu wote. Alisema kwamba Kanisa haliwakatazi wataalamu kuchunguza kama mwili wa mtu ulitoka katika kiumbe hai kilichotangulia. Aliwaonya wasifanye haraka kana kwamba kila jambo limekwisha kuthibitishwa. Juu ya roho aliweka mpaka: roho ya kila mtu yaumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja; haitokani na mnyama, wala haichimbwi kwa sururu. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema kwamba, kwa ushahidi uliopatikana tangu hapo, mafundisho ya mageuko si wazo la kukisia tu. Roho aliiacha palepale alipoiweka Pius.

Wakati huo Kenya ilikuwa na taabu. Wakikuyu walidai ardhi yao na uhuru, na vita ya Mau Mau ikaanza mwaka 1952. Leakey alisimama upande wa serikali ya Waingereza. Jomo Kenyatta aliposhitakiwa Kapenguria, Leakey alikuwa mkalimani, mpaka mawakili wakalalamika kwamba hatafsiri kwa haki, akajitoa. Mwana wa kipanga akawa adui machoni pa wengi wa rika lake. Mwaka 1954 binamu yake, Gray Leakey, aliuawa.

Ikafika tarehe 17 Julai 1959. Walikuwa Olduvai. Bwana Leakey alikuwa na homa, akabaki hemani. Bibi Mary akatoka na mbwa wake wawili kutembea mtelemkoni. Akaona kipande cha mfupa kikitokeza udongoni. Akainama, akafagia kidogo kwa mkono, na hapo akaona meno makubwa mawili, meno ambayo hayakuwa ya nyani. Akaingia motokarini, akarudi kambini akipiga kelele. Mgonjwa akaruka kitandani, homa akaisahau.

Kazi ya kukitoa kichwa kile ilichukua siku nyingi. Kilikuwa kimevunjika vipande zaidi ya 400, na waliuchekecha udongo wote wasipoteze hata kimoja. Leakey akakipa jina la Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Zinj ni jina la kale la Kiarabu la pwani ya Afrika ya Mashariki, lile lililomo katika neno Zanzibar. Mwezi wa Agosti mwaka uleule alikileta Kongo. Wataalamu walikuwa wamekutana Léopoldville, mji ambao leo waitwa Kinshasa, na huko, mbele ya wenzake, alikitoa kichwa kile katika sanduku.

Kilikuwa na umri gani? Hapo watu wa Kivu wataelewa kuliko wengine, maana wameuona mlima Nyiragongo ukitapika moto, na mwaka 2002 lava ilishuka hata ikafunika sehemu ya mji wa Goma. Jiwe la volkano lina kitu kiitwacho potasiamu, ambacho sehemu yake hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo argoni. Jiwe likiwa moto na maji, hewa hiyo hutoka yote. Likipoa, hewa huanza kukusanyika upya ndani yake, kidogo kidogo, kwa kipimo kisichobadilika. Basi mtaalamu akipima argoni aweza kujua jiwe lilipoa lini. Majivu ya volkano ya Olduvai yalipimwa, na mwaka 1961 jibu likatoka: miaka 1,750,000. Hata Leakey alikuwa amedhani ni michache kuliko hiyo.

Tena alikuwa amekosea. Alisema kwamba Zinjanthropus ndiye baba wa watu na ndiye aliyechonga vyombo vya Olduvai. Lakini mwaka 1960, karibu na mahali palepale, mwanawe Jonathan aliona mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na meno madogo. Mwaka 1964 Leakey na wenzake walimpa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi, na yule wa kwanza akaonekana kuwa tawi la kando lililokauka bila uzao. Safari hii hakungoja Boswell. Alilibadili neno lake mwenyewe.

Kichwa cha Zinjanthropus kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1965, kikawekwa Dar es Salaam.

Katika uzee wake Leakey alitaka kujua pia jinsi sokwe na gorila wanavyoishi, apate kufikiri jinsi wale wa kale walivyoweza kuishi. Mwaka 1960 alimpeleka Jane Goodall Gombe, karibu na Kigoma. Mwaka 1967 Dian Fossey, Mmarekani, alipanda kwa ajili yake mpaka Kabara, chini ya mlima Mikeno, katika Kivu ya Kaskazini, akakaa na gorila wa mlimani miezi michache, mpaka machafuko ya nchi yakamtoa akaenda Rwanda.

Hofu ya Wakristo juu ya mifupa haikuisha. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa fulani ya Kenya walitaka jumba la makumbusho la Nairobi lisiweke mbele ya watu mifupa ya mvulana wa kale sana, aliyeonwa mwaka 1984 karibu na ziwa Turkana na Kamoya Kimeu, Mkenya. Mifupa ikaonyeshwa hata hivyo.

Bwana Leakey hakuyaona hayo. Alisafiri mno na kusema mno, moyo ukachoka. Tarehe 1 Oktoba 1972 alikufa London, akiwa na miaka 69. Mwili wake ulirudishwa Kenya. Walimzika Limuru, si mbali na Kabete, penye kanisa, karibu na makaburi ya baba yake na mama yake.